Barua ya wazi: Kwa watoto hawa bandeji ndiyo dawa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga,
Mganga Mkuu wa Mkoa,
Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa,
na Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya.

YAH: BANDEJI ZISIZOGANDA KWA WATOTO WENYE UGONJWA WA KURITHI WA MALENGELENGE

Waheshimiwa, shikamooni, na poleni na majukumu.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama na fundi cherehani, mkazi wa Makorora hapa Tanga mjini. Mwanangu wa kiume yuko darasa la pili, naye amezaliwa na ugonjwa ambao madaktari huuita epidemolisisi bulosa, kwa kifupi EB. Nina jambo moja la kuwaambia. Katika ugonjwa huu bandeji ndiyo dawa, lakini katika utaratibu wa hospitali zetu bandeji ni kifaa ambacho mzazi huambiwa akanunue nje. Watoto wetu wanateseka, na wengine wanafariki, kwa sababu ya pengo hilo.

Naanza na ugonjwa wenyewe, maana huenda wengi wenu hamjawahi kumwona mtoto wa namna hii.

Ngozi ya binadamu ina matabaka mawili makubwa, la juu na la chini, nayo hushikamanishwa na protini maalumu. Sisi mafundi tunaelewa haraka, kwa sababu ni kama koti na bitana yake. Vikiwa vimeshonwa pamoja vinakwenda pamoja. Ukifumua uzi, kila ukiingiza mkono bitana inajisokota upande wake. Mwanangu amezaliwa bila uzi huo. Aina yake inaitwa distrofiki ya nakala mbili, na protini anayoikosa ni kolajeni ya namba 7, ambayo kazi yake ni kulishikiza tabaka la juu kwenye la chini. Kinachomtoa lengelenge ni kitu ambacho wewe na mimi hatukihisi: mshono wa shati, ukingo wa kiti, mkono wa shangazi anayemnyanyua kwa kumshika kwapani. Lengelenge linajaa maji, pengine damu, na ukiliacha linazidi kutambaa kwa sababu hakuna kinachoyazuia maji yasisonge mbele. Likipasuka kinabaki kidonda kibichi. Na hayaishii nje. Yanatoka mdomoni, kwenye ulimi, hadi kwenye koo la chakula, ambalo likipona huacha makovu na kuwa jembamba.

Aina kuu ni nne. Ipo ya simpleksi, ambayo mara nyingi husumbua viganja na nyayo na mtu huweza kuishi nayo hadi uzee. Ipo ya makutano ya matabaka, ambayo ikiwa kali huwachukua watoto wengi wakiwa bado wananyonya. Ipo hii ya distrofiki, na ipo ya Kindler ambayo ni adimu kuliko zote. Zote hazina tiba ya kuzimaliza, na zote haziambukizi. Nalala na mwanangu chumba kimoja, nakula naye sahani moja, nashika vidonda vyake kila uchao. Haziambukizi.

Kuhusu kurithi nataka niseme wazi, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi zinapovunjika. Kwa aina aliyonayo mwanangu, baba na mama kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni yenye hitilafu bila yeye mwenyewe kuumwa chochote. Mtoto akizipata zote mbili ndipo anapozaliwa na ugonjwa, na uwezekano wake ni mmoja kati ya minne kwa kila mimba, hata kama aliyetangulia alizaliwa mzima. Kwa hiyo tumempa mimi na baba yake, sawa kwa sawa. Huku kwetu Pwani lawama humwangukia mwanamke peke yake: kala nini, kavunja mwiko gani, katoka nje magharibi na mimba yake. Nawajua wenzangu waliopewa talaka kwa ajili hii. Zipo aina nyingine ambazo mzazi mmoja mwenye ugonjwa anatosha kuurithisha, na pengine hitilafu huanza kwa mtoto mwenyewe, ukoo mzima haujawahi kuiona. Na kwa kuwa sisi huoana mabinamu, na watu wa ukoo mmoja huweza kubeba hitilafu ile ile, uwezekano wa nakala mbili kukutana huongezeka. Simkatazi mtu kumuoa binamu yake. Naomba tu mzazi aliyekwisha kupata mtoto wa hivi awe na mtu wa kumweleza kwa adabu kabla ya mimba inayofuata, maana kwa sasa anaelezwa na majirani.

Mwanangu alizaliwa mguu mmoja hauna ngozi, kuanzia chini ya goti hadi kifundo, mwekundu na unang'aa. Sitaitaja hospitali. Niliulizwa kama nilikunywa dawa za kienyeji. Wakashuku kaswende, na sishangai, maana kaswende ya kuzaliwa nayo huweza kumtoa mtoto malengelenge viganjani na kwenye nyayo. Tukapimwa tena mimi na baba yake, majibu yakawa safi. Wakamwekea kanyula mkononi ili apate dawa za mshipa, wakaishika kwa plasta. Ilipofika wakati wa kuitoa, plasta ilivutwa ikaja na ngozi yote ya mgongo wa kiganja. Nesi aliyekuwa akiivuta alisita, akaniangalia, macho yakamjaa machozi. Hakuwa na roho mbaya. Tangu asome hadi aajiriwe, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna watoto ambao plasta haitakiwi iwaguse.

Nimekuwa nikiwaza tangu wakati ule kwamba alichohitaji yule nesi ni karatasi moja tu ukutani kwenye wodi ya wazazi. Ingemwambia kwamba mtoto akizaliwa sehemu ya mwili haina ngozi, au akitoka malengelenge siku za mwanzo bila homa, afikiriwe ugonjwa huu pamoja na mengine. Plasta isitumike, kanyula ifungwe kwa bandeji juu ya gozi iliyopakwa vaselini. Utepe wa jina usifungwe kwenye kifundo cha mkono, uwekwe kwenye kitanda. Kitovu kifungwe kwa uzi badala ya kibanio cha plastiki ambacho kinasugua tumbo. Mtoto asinyanyuliwe kwa kwapa, anyanyuliwe akiwa juu ya kitambaa laini, mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya shingo. Lengelenge litobolewe ukingoni kwa sindano safi, maji yatoke, na ngozi ya juu iachwe palepale ifunike kidonda. Kisha apigiwe simu mtu wa ngozi. Hayo yote yanaenea kwenye ukurasa mmoja kwa herufi kubwa, na karibu yote hayana gharama.

Nyumbani nako kuna ya kwetu. Mtoto mchanga Pwani anakandwa kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni, anavishwa hirizi kiunoni, ananyolewa nywele. Mama yangu mzazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba kila alipopita na mkono, ngozi ilikuwa inajivuta. Akaacha kukanda, akawa anampaka mafuta kwa kumgusa tu, kama anayebandua jani bila kulichana. Kamba ya hirizi tulipoifungua ilikuwa imemchora mstari wa kidonda kuzunguka kiuno chote. Bibi yule hajasoma, lakini aliona. Wakunga wa jadi na bibi zetu nao wanastahili kuambiwa, tena kwa heshima, kwa sababu mtoto anafika mikononi mwao kabla hajafika kwa daktari.

Jina la ugonjwa tulilipata Moshi. Tulipanda basi Kange alfajiri, tukapita Korogwe na Same, mtoto nimempakata juu ya mto ili mtikisiko usimsugue. Pale hospitali ya KCMC kuna Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichofunguliwa miaka ya 1990, ambacho huwafundisha matabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Daktari alimtazama bila kumvua nguo kwa kuvuta, akauliza habari za ukoo, akatuambia ni nini. Kisha akanifundisha kufunga vidonda kwa mikono yake mwenyewe. Nikarudi Tanga nikiwa najua la kufanya, na bila kitu cha kufanyia.

Sasa niwaonyeshe bandeji inavyobadilishwa, kwa sababu maamuzi yenu yanahusu jambo hili na ni haki mlijue lilivyo. Nafanya jioni, joto likishapungua. Nachemsha maji, yakipoa yakawa vuguvugu nayatia chumvi, gramu 90 kwa lita 10. Watu husikia chumvi na vidonda wakashtuka, lakini kwa kipimo hicho maji yanakaribia chumvi ya mwili wenyewe na hayachomi. Maji matupu ndiyo yanayochoma. Anaingia kwenye beseni na bandeji zake, tunasubiri zilowe mpaka ziteleze zenyewe. Pale zinapokuwa zimeganda hatuvuti, tunaongeza maji na kusubiri tena. Yeye mwenyewe ndiye anayeniambia, "Mama, hii bado." Kisha natafuta malengelenge mapya, kwa mwanga wa taa, nikianzia nyuma ya masikio. Kila moja natoboa chini, nalikamua kwa kuligandamiza polepole na gozi. Napaka mafuta. Naweka bandeji isiyoganda, juu yake ya kunyonya maji, juu yake ya kuzungusha. Vidole navifunga kimoja kimoja, na utepe mwembamba kati ya kila kidole na mwenzake, maana visipotenganishwa makovu huviunganisha hadi kiganja kikawa ngumi isiyofunguka. Mkono wa kushoto umeshaanza. Kazi yote inachukua saa mbili, siku mbaya tatu, na wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, jasho la Tanga linafanya malengelenge yawe maradufu.

Katika yote hayo, kitu kimoja ndicho kinachoamua kama mtoto atalala au atakesha akilia: ile bandeji ya kwanza inayogusa kidonda. Ikiwa ni gozi kavu, ile ya kawaida ambayo ndiyo hupatikana kwenye zahanati, inashikana na kidonda, na kesho yake inapotoka inatoka na ngozi changa iliyokuwa imeanza kuota. Yaani unamtibu leo na kumchubua kesho, kila siku, miaka yote. Ikiwa ni gozi ya vaselini inatoka salama. Ikiwa ni ile yenye uso wa silikoni, inaweza kukaa siku kadhaa bila kuguswa, na mtoto akapata mapumziko. Tofauti ya damu anayopoteza, ya maambukizi anayopata, ya chakula anachoweza kula kwa sababu haumwi, inaanzia hapo. Kwa watoto wachanga wenye EB kali, maambukizi yanayoingia kwenye damu ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo. Kidonda kilichofunikwa vizuri ni kinga dhidi ya hilo.

Waheshimiwa, sera ya nchi yetu inasema mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo. Nashukuru kwa sera hiyo, imeniokoa kwenye malaria na nimonia. Lakini kwenye EB nilikuwa namwona daktari bure, naandikiwa cheti, na dirishani naambiwa hiki hakipo, kanunue nje. Kipande kimoja cha bandeji ya silikoni, siku kinapopatikana mjini, kinakula ujira wangu wa kushona gauni zima, na mtoto anahitaji vipande vingi. Basi nikawa nanunua gozi ya kawaida na kuipaka vaselini mwenyewe, nachemsha bandeji za kuzungusha na kuzianika kwenye kamba ndani ya chumba ili zisipate vumbi. Najua mama mwingine, upande wa Muheza, anayetumia vipande vya kanga kuukuu. Anavifua vizuri, anavipiga pasi. Ni kanga.

Kisha mtoto akatimiza miaka mitano. Msamaha ukakoma, ugonjwa ukabaki. Tangu hapo kila mara napita kwa Ofisa Ustawi wa Jamii kujieleza upya, nikifunua vidonda vya mtoto kwa mtu mpya aliyehamishiwa mezani pale. Na msamaha ninaopewa ni wa kumwona daktari, bandeji bado ni yangu.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Nimeisubiri kwa matumaini makubwa. Ombi langu kwa wanaopanga kitita cha mafao ni fupi: andikeni bandeji zisizoganda kwa mgonjwa wa EB kuwa dawa yake ya kudumu, kama insulini ilivyo kwa mwenye kisukari. Kitita kikilipia kumwona daktari na kuacha bandeji, kwetu kitakuwa hakijalipia kitu.

Najua swali litakaloulizwa ofisini: ni watoto wangapi hao? Kwa Marekani, ambako kulikuwa na rejista ya kitaifa ya wagonjwa hawa, hesabu ilikuwa takriban watoto 20 kwa kila vizazi hai milioni moja, kwa aina zote za EB pamoja. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Tukipimwa kwa kipimo hicho ni watoto zaidi ya 40 kila mwaka, na ugonjwa huu hauchagui taifa wala rangi. Wako wapi? Sisi wazazi tunaojuana, wa Tanga, Pangani, Korogwe na mpaka Bagamoyo, ni wachache mno. Naamini wengine wameandikwa kuwa waliungua, au waliondoka na homa ya siku chache, wakazikwa bila jina la kilichowaua. Kwa hiyo naomba wahesabiwe: mstari mmoja kwenye taarifa za wodi ya wazazi na kliniki ya watoto.

Na uchache wao usiwe sababu ya kuwaweka pembeni. Mzigo unaomlemea mama mmoja mwenye cherehani moja ni mdogo sana kwenye oda ya Bohari ya Dawa kwa nchi nzima. Bohari inaponunua kwa wingi inapata bei ambayo mimi dukani siwezi kuiota. Wagonjwa wa kuungua moto na wenye vidonda vya kisukari nao wanazihitaji bandeji hizi hizi, kwa hiyo hazitaozea ghalani.

Nchi hii imeshawahi kufanya jambo la namna hii. Pale pale Moshi hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa sababu ilieleweka kwamba kwao mafuta hayo ni uhai na saratani ya ngozi itawamaliza bila hayo. Watoto wa EB nao, wale wa aina kali ya distrofiki, wakifika ujana hukabiliwa na saratani ya ngozi inayoota kwenye vidonda sugu, na ndiyo inayoua wengi wao wakiwa vijana. Kwa hiyo mwanangu anahitaji mtu wa ngozi amwangalie kila baada ya muda, hapa hapa mkoani. Naomba kila hospitali ya rufaa ya mkoa, na Bombo iwe ya mfano, iwe na tabibu mmoja aliyepewa jukumu la watoto hawa kwa jina, mwenye mawasiliano ya moja kwa moja na Moshi na Muhimbili, ili picha ya simu itangulie kabla ya mtoto kupakiwa kwenye basi.

Maumivu nayo yana dawa. Muheza kuna huduma ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa, inayofahamika nchi nzima, na morfini ya maji ya kunywa ipo nchini. Wahudumu wengi hudhani ni ya wazee wenye saratani tu. Mtoto anayebadilishwa bandeji mwili mzima anastahili kupewa dawa ya maumivu mapema, kabla ya kuingia kwenye beseni, kwa kipimo cha daktari. Hili halihitaji bajeti mpya, linahitaji waraka.

Shuleni nitapita haraka, ingawa lina uzito wake. Nguo za mwanangu nazishona mwenyewe mishono ikiwa nje, bila lebo, bila lastiki, kola nimeiondoa, na miguuni anavaa kandambili laini zilizofungwa kitambaa. Kila mwalimu mpya anamtoa mstarini kwa kuvunja kanuni za sare. Na fimbo. Fimbo moja ambayo kwa mwenzake ni maumivu ya dakika tano, kwake ni ngozi ya kiganja kutoka na mwezi mzima wa kidonda. Mwalimu mkuu aliyepo sasa ni mtu mwema na ametangaza darasani kwamba asiguswe, ila walimu huhamishwa. Naomba barua ya Wizara ya Afya na ya Elimu, yenye muhuri, ambayo mtoto ataibeba kwenye begi lake. Na vidole vikishafungana, atambuliwe chini ya Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 bila kuzungushwa, apewe muda wa ziada kwenye mitihani.

Chakula nacho ni sehemu ya tiba. Vidonda hupoteza protini na damu kila siku, na koo likiwa na makovu mtoto hawezi kumeza ugali wala muhogo wa kukaanga. Kwetu ni uji uliotiwa maziwa na unga wa dagaa, mtori, mayai ya kuvuruga, samaki aliyechambuliwa akapondwa kwenye tui. Wanaopima uzito kliniki waelewe kwamba mstari wa kadi ukishuka, si kwamba mama hamlishi.

Mtaniuliza kama naomba tiba mpya zinazotangazwa. Nazifuatilia zote. Mwaka 2017 madaktari wa Ujerumani na Italia waliandika kuhusu mtoto mkimbizi kutoka Syria, mwenye EB, waliyemwotesha ngozi iliyorekebishwa jeni na kumfunika karibu asilimia 80 ya mwili wake, akarudi shule. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha jeli ya kupaka yenye jeni ya kolajeni ya 7, ile ile anayoikosa mwanangu, na bei yake kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka ni mamia ya maelfu ya dola. Nilipoisoma habari ile nililia kwa furaha, na sikuona aibu. Lakini sijaiweka kwenye maombi ya barua hii. Ninachotaka ni mwanangu aifikie siku hiyo akiwa hai na vidole vyake vimenyooka, na kinachomfikisha ni bandeji.

Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalotaka magonjwa ya ngozi yapewe kipaumbele katika afya ya umma, na mwezi huo huo ukapitisha jingine kuhusu magonjwa adimu. Mwanangu anaingia kwenye yote mawili. Na mwaka 1978 kule Uingereza, mama mmoja, Phyllis Hilton, ambaye binti yake Debra alikuwa na EB, alianzisha chama cha kwanza cha wagonjwa hawa kwa jina la mtoto wake. Leo vipo vyama vya DEBRA katika nchi nyingi. Sisi wazazi wa Tanga tumeanza kukutana, na tuko tayari kujiandikisha rasmi mkituonyesha mlango.

Wiki ya kuhamasisha kuhusu EB duniani huwa tarehe 25 hadi 31 Oktoba. Naomba Mganga Mkuu wa Mkoa atuite wiki hiyo, tukae na wakunga na wauguzi kutoka wilaya zote za mkoa kwa siku moja. Nitakuja na beseni, chumvi na bandeji chache nilizonazo, niwaonyeshe ninavyofunga, na mtaalamu wa ngozi atarekebisha nilipopungukiwa. Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa namwomba jibu la maandishi juu ya lini gozi ya vaselini na bandeji za silikoni zitaingia kwenye orodha inayoagizwa na hospitali za wilaya. Mfuko wa Bima nao utujibu kuhusu kitita. Majibu yatumwe kwa ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa, nitayafuata mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa mtoto mwenye EB
Fundi cherehani, Makorora, Tanga